Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa Marekani: uzoefu wangu kwenye majangwa ya Utah

Wadau mnaoishi huku Marekani, kama mna mpango wa kuzunguka hifadhi za jangwani na gari na mahema, nunueni ile kadi ya America the Beautiful kabla hamjafika geti la kwanza. Mi nimeitumia na familia Utah, tumepita zote tano, Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Canyonlands na Arches, na kwa dola 80 nimeridhika kabisa.

Piga hesabu mwenyewe. Zion gari moja dola 35, Bryce 35, Arches 30, Canyonlands 30, Capitol Reef 20, jumla 150, na kadi inaingiza gari zima na wote waliomo, sio kama hifadhi za nyumbani Tanzania ambako kila mtu analipiwa kivyake kwa masaa 24. Getini wanaangalia kadi na kitambulisho, mnapewa ramani, mnapita.

Ila kadi ni kiingilio tu, hapo ndo wengi wanachanganya. Kempu unalipia mbali, na zile za Zion usipobuku mapema mtandaoni hupati. Kupanda Angels Landing, kile kilele cha mwamba cha hapo Zion, nako tangu 2022 ni mpaka ushinde bahati nasibu ya kibali. Sisi tukaenda zetu The Narrows, korongo la hapo hapo Zion, yaani njia yenyewe ni mto, unatembea ndani ya maji, mara ya magoti mara yanafika kiunoni, fimbo mkononi, kuta za mwamba zimepanda pande zote mbili mpaka mbingu unaiona kama ukanda tu, watoto hawakutaka kutoka.

Na jambo la maji lisikieni vizuri. Canyonlands upande wa Island in the Sky kempu yao ina nafasi 12 tu, wa kwanza kufika ndo anapata, na bomba hakuna, kwa hiyo jazeni madumu mjini Moab, mji wa jirani, kabisa, angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, na ya kupikia juu yake. Delicate Arch, lile tao la mwamba kule Arches, kwa miguu kwenda na kurudi haifiki kilomita 5, unaona ni kidogo, lakini ni mwamba mtupu hamna kivuli hata cha kusimama dakika moja, unafuata vijirundo vya mawe walivyopanga kuonyesha njia, jua likishapanda joto linatoka juu na chini. Sisi tuliondoka kabla hakujapambazuka na nashauri kila mtu afanye hivyo. Afu Bryce msije na mashuka mepesi kisa mmeambiwa jangwa, kule ni zaidi ya mita 2,400, mwezi wa tisa mwishoni usiku tulilala na makoti.

Kwangu iliyonigusa zaidi ni Capitol Reef ambayo watu wanaipita haraka kwenda Moab. Kempu ya Fruita iko katikati ya mashamba ya matunda yaliyopandwa na walowezi wa Kimormoni, ngazi zipo, unachuma mwenyewe, unapima, unalipa, basi jioni mnakaa mnakula matufaa na miamba myekundu imewazunguka, aisee.

Kwa wanaosubiri wageni kutoka nyumbani, kuanzia Januari 2026 bei ya dola 80 ni ya wakazi wa Marekani, asiye mkazi kadi yake ni dola 250, na asipokuwa nayo kuna hifadhi 11, Zion na Bryce zikiwemo, anaongezewa dola 100 kwa kichwa juu ya kiingilio. Wazazi wenye grinikadi waliofikisha miaka 62 wao wachukue ya wazee, dola 20 kwa mwaka au 80 ya maisha, na hiyo kempu nyingi inawapunguzia nusu bei.