Stendi za kutundika shabaha za chuma: angalia bolti kabla hujaangalia miguu

Wiki hii tena nimeandikiwa na msomaji wa huku Texas. Amenunua stendi mtandaoni, seti nzima na minyororo yake na kulabu zake, Jumamosi ya kwanza tu mnyororo wa kushoto ukakatika na bamba, yaani ile shabaha yenyewe ya kulengea risasi, likabaki limelala upande. Sasa anauliza anunue stendi gani nyingine. Na si yeye pekee, maswali ya hivi nayapata sana kutoka kwa watu wetu waliofika huku, wakapata jirani mwenye shamba na bunduki, wakanogewa. Lakini stendi yake haina makosa yoyote. Kwa hivyo leo siongei uzito, siongei rangi, wala kama inakunjika ikaingia kwa buti ya gari, hayo muuzaji atakwambia mwenyewe hata hujamuuliza. Mimi nataka uangalie bamba limeshikwa na nini na uso wake unaangalia wapi, basi.

Risasi ikigonga chuma kigumu kilichonyooka inapasuka vipande vipande, na vile vipande vinasambaa kufuata uso wa bamba, kama maji ya bomba yakigonga mgongo wa kijiko. Sasa mnyororo wenyewe umefungwa wapi? Hapo hapo ukingoni, njiani mwa vipande, na kila risasi inautafuna kidogo. Halafu ukikosa shabaha ukagonga pete ya mnyororo ndio hujui kabisa risasi itaelekea wapi. Na bamba likisimama wima, vipande vingine vinaruka juu na pembeni walipo watu, ndio maana watengenezaji wanasema uso uinamie chini kama nyuzi 20 hivi ili vingi viishie kwa mchanga.

Kuinamisha si kazi ya stendi, ni kazi ya bolti. Unachukua bolti ya nusu inchi yenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, kichwa kinakaa mbele maana hakina kona ya kushika risasi, unafunga nati nyuma ya bamba, unaacha nafasi, ndio unaweka washa (ile pete bapa ya chuma), mnyororo, washa tena, na nati ya mwisho. Hiyo nafasi ndio siri yote. Uzito wa bamba unajitafutia kukaa chini ya mahali liliposhikwa, kwa hivyo likishikwa kwa nyuma, sehemu ya juu inakuja mbele na ya chini inarudi nyuma. Bamba la inchi 10 ambalo matundu yake yako inchi 4 juu ya katikati, ukilishika inchi moja na nusu nyuma, unapata karibu nyuzi 20 zako bila kupima na kitu chochote. Na badala ya mnyororo mimi natumia vipande vya hozi kuukuu ya zimamoto au mkanda wa konveya, risasi ikipita inaacha tundu na maisha yanaendelea.

Haya, tuzipange stendi zenyewe sasa, tukianza na iliyo bora.

Ya kwanza ni ile ya kujitengenezea, mbao za 2x4, zile ziitwazo za inchi mbili kwa nne, na braketi mbili za chuma zile za kuunda miguu ya A, kama meza za seremala za kukatia mbao. Braketi unapata kwa maduka ya vifaa vya ujenzi kama Home Depot ama Lowe's, miguu minne, mbao moja ya juu, umemaliza, hakuna kuchomelea na hakuna kumbembeleza fundi. Uzuri wake ni kwamba ukikosa shabaha unagonga mbao, na mbao inameza risasi ama inapasuka, hairudishi kitu usoni kwako. Ile ya juu itakufa mapema, hilo likubali, nunua za akiba. Cha kuangalia ni braketi zisikae mbele wazi, zisogeze kando mbali na bamba.

Ya pili, na hapa nina upendeleo na sijifichi, ni watengenezaji wa shabaha, Action Target wa Provo, Utah. Wana zile PT Static ambazo bamba linakaa juu ya nguzo ya 2x4 likiwa limeshainamishwa mbele, hakuna mnyororo hata mmoja. Hazining'inii, najua, na bei inauma, ndio sababu pekee nimeziweka ya pili. Mtu akiniambia nimchagulie zawadi ya birthday hata simalizi kusikiliza swali.

Ya tatu ni kulabu za kuvalishwa juu ya nguzo za fensi, zile za chuma zenye umbo la T. Nyingi zinainamisha bamba vizuri tu. Lakini ile nguzo ni chuma na imesimama wazi chini ya bamba, na ule udongo mweusi wa huku Dallas ukikauka mwezi wa nane utapiga nyundo mpaka uombe msamaha. Pia viwanja vingi vya kulenga havikubali uchimbie kitu.

Nondo zilizokunjwa na mabomba ya kondiuti ya umeme? Ni rahisi, zinasimama, na kila kitu ndani yake ni chuma cha duara kinachotupa risasi kokote. Pita.

Sasa wauzaji. Mtu anakuuzia bamba ameandika AR500, jina la kile chuma kigumu cha shabaha, na rangi ya makopo, ukimwuliza ugumu wake kwa kipimo cha Brinell, ambao unafaa kuwa karibu 500, ananyamaza. Chuma laini kinafanya mashimo, na mashimo ndio yanarudisha vipande kwa mpigaji. Mwingine amechomelea kulabu nyuma ya bamba na anaita hiyo ubora, kumbe moto wa kuchomelea umelainisha chuma pale pale. Hata lililo zuri, kwa bastola usisogee chini ya yadi 10, kwa bunduki ndefu yadi 100, risasi zenye kiini cha chuma kama M855 acha nyumbani, miwani kila mtu hata anayetazama tu.

Na hii ya "usafirishaji bure" inanichosha. Bamba la duara la inchi 10 lenye unene wa inchi 3/8 lina paundi 8 na kidogo, hakuna anayelibeba bure, gharama imefichwa kwa bei. Halafu juu yake wanakuuzia "seti ya kutundikia", bolti mbili fupi ambazo haziwezi kuinamisha chochote na ule ule mnyororo wa kukatika, kwa pesa ambayo Tractor Supply, duka la vifaa vya shamba wanakouza bolti kwa kupima paundi, ungejaza mfuko.