Kitalu nyumba cha mtumba: kilivyonifaa Ihumwa

Kitalu nyumba changu, yaani banda la nailoni la kulimia ndani, nilikinunua Iringa, kwa kikundi kilichoacha kulima nyanya baada ya ugonjwa wa mnyauko kuingia kwenye udongo wao. Tangazo lilisema ni cha chuma, mita 8 kwa 15, "kimekamilika". Hakikuwa kimekamilika, na nililijua hilo kabla ya kutoa hela kwa sababu nilikikuta kimeshang'olewa, vyuma vimelala chini, nikavihesabu kimoja kimoja mbele ya muuzaji. Bei tukaishusha palepale hadi milioni moja na laki nne. Sasa kimesimama Ihumwa, hapa Dodoma, nyanya ziko ndani, na majirani wananiuliza kama cha mtumba kinalipa. Kwangu kimelipa. Ila ujue kwamba unanunua chuma tu. Vilivyobaki vyote vihesabu kuwa ni vya kununua upya, hata kama vimepakiwa kwenye gari pamoja na chuma.

Hesabu yenyewe ni hivi. Kitalu cha mita 15 chenye nafasi ya mita 2.5 kati ya upinde na upinde kinahitaji pinde 7, yale mabomba yaliyokunjwa yanayobeba paa. Kila upinde una nusu mbili zinazokutana kileleni, kwa hiyo ni nusu 14. Zilikuwepo 11. Mabomba ya kulala, yale yanayofunga upinde na upinde, yalikuwa pungufu. Gata hakuna hata moja. Mlango hakuna. Reli za kubania nailoni zilikuwepo karibu zote, lakini nyaya za zigizaga zinazokaa ndani yake zilikuwa chache na nyingine zimeshika kutu. Nguzo zote 14 zilikuwepo, ila waliziondoa kwa kuzikata usawa wa ardhi badala ya kuchimbua zege. Muuzaji aliendelea kuniambia vilivyokosekana ni vitu vidogo vidogo. Klempu, vile vishikizo vinavyofunga bomba kwa bomba, na boliti si vitu vidogo, maana bila hizo hayo mabomba ni chuma chakavu.

Mzigo ulikuja kwa Fuso kupitia Mtera, na kazi ya kweli ikaanzia hapo.

Fundi niliyempata ni mchomeleaji wa hapa hapa, kijana makini sana. Wazo lake la kwanza lilikuwa kupanua nafasi. "Mama, tuweke mita 3 kati ya upinde na upinde. Zinatosha pinde 6 na banda linabaki na mita zake 15." Kwa hesabu ni sawa. Kwa upepo wa Dodoma sikukubali. Anayekaa huku anajua upepo wa mashariki unavyovuma kuanzia katikati ya mwaka, vumbi limetanda hadi barabara haionekani. Nailoni iliyotandazwa juu ya nafasi pana hupigapiga, na ikianza kupigapiga haimalizi msimu. Mabomba ya kulala nayo yalikuwa yamekatwa kwa mita 2.5, tungelazimika kununua mengine yote.

Tukapunguza urefu badala yake. Pinde 6, nafasi ileile ya mita 2.5, banda la mita 8 kwa 12.5. Nimepoteza mita za mraba 20 na kubaki na 100. Uamuzi huo ndio uliookoa kazi nzima, kwa sababu mabomba ya kulala yaliyokuwa pungufu kwa mita 15 yalitosha kwa mita 12.5, klempu zikatosha, na nguzo mbili zilizobaki zikawa miimo ya mlango. Ikabaki nusu moja tu ya upinde ya kutengeneza.

Kwenye kununua bomba la hiyo nusu, nawaomba mnisikilize vizuri. Dukani ukisema "bomba la nchi moja na nusu" unaweza kupewa vitu viwili tofauti. Bomba la maji la nchi moja na nusu lina unene wa nje wa takriban milimita 48, kwa sababu kipimo chake kinafuata tundu la ndani. Bomba jepesi la mafundi wa vitanda na mageti, likiitwa nchi moja na nusu, lina milimita 38 nje. Pinde zangu zilikuwa za 48. Kijana wa dukani alinitolea la 38 kwa nia njema kabisa. Kwa macho huoni tofauti ukiwa umesimama mbali, lakini klempu inaiona mara moja. Nilikuwa nimebeba kipande cha bomba la zamani mkononi, tukavilinganisha kwenye kaunta, akarudi stoo kuleta lenyewe. Usiende na namba. Nenda na kipande.

Karakana iliyokunja ule upinde iko maeneo ya Kizota, na kazi yao naisifu bila kusita. Walilaza nusu moja ya zamani sakafuni, wakachora mkunjo wake kwa chaki, ndipo wakaanza kulipitisha bomba jipya kwenye mashine ya roli taratibu, kila baada ya muda wanalirudisha kwenye chaki. Chuma kikiachiwa hufunguka kidogo, kwa hiyo walikikunja kuzidi mstari, kikajirudi chenyewe. Ncha za bomba hazikunjiki kwenye roli, zinabaki zimenyooka. Nusu yangu ina urefu wa kama mita 4.6 na bomba linauzwa la mita 6, hivyo walikata hizo ncha mwishoni. Atakayewaambia wakate kwanza ndipo wakunje atapata upinde wenye miguu iliyonyooka.

Kwa nguzo zilizokatwa, fundi alikuja na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, nami nalihesabu kuwa bora kuliko ilivyokuwa mwanzo. Bomba la maji la nchi mbili, ndani yake linaingia bomba la nchi moja na nusu vizuri, likicheza kidogo tu. Tulinunua mabomba mawili ya mita 6, tukapata vipande 12 vya mita moja. Kila kipande sentimita 60 kwenye zege, sentimita 40 juu ya ardhi. Nguzo inazama ndani sentimita 30, inatobolewa na kufungwa kwa boliti. Kimo cha nguzo hakikupungua, kimeongezeka sentimita 10, na siku nikitaka kuhama sikati chuma tena. Mahali pachache palipobidi kuchomelea, fundi alikwangua kwanza ile zinki iliyofunika bomba kwa grainda na akafanyia kazi nje, mgongo kwenye upepo. Ule moshi mweupe wa zinki ikiungua huleta homa kali jioni yake. Ukimwona fundi anachomelea bomba la mabati ndani ya chumba kilichofungwa, msimamishe.

Kabla ya kusimamisha chochote, tulisugua kila bomba. Mnyauko bakteria unakaa kwenye udongo na unasafiri na udongo, na mabomba yale yalikuja na udongo wa shamba lenye ugonjwa. Maji, sabuni, brashi, kisha maji yenye jiki, kisha maji safi tena ili jiki isikae kwenye zinki. Tulifanyia kazi hiyo mbali na eneo la kupandia. Mipira ya kumwagilia kwa matone waliyonipa sikuigusa. Ilikuwa na udongo ndani na vitundu vimeziba kwa chokaa.

Sasa joto. Kitalu hiki kilijengwa kwa baridi ya Iringa, kimezungushiwa nailoni kuanzia chini hadi juu. Dodoma shida yetu si baridi. Joto la ndani likipita nyuzi 35 mchana, chavua ya nyanya huharibika na maua yanapukutika, na Oktoba hadi Novemba huku ni rahisi kufika huko hata mlango ukiwa wazi. Nimeweka nailoni juu tu. Kuta zote nne ni neti ya wadudu. Nilichagua neti ya matundu ya wastani, kwa sababu ile laini kabisa inayozuia hata inzi weupe inabana hewa mno kwa banda dogo kama hili. Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, ni nondo, anazuilika na matundu makubwa kidogo, alimradi mlango haubaki wazi. Kwa hiyo mabaki ya mabomba tulijengea kichumba cha mlango wa pili: unafunga wa nje ndipo unafungua wa ndani. Miezi ya joto naongeza neti ya kivuli ndani.

Nailoni ndiyo iliyokula hela kuliko kitu kingine. Ya zamani ilikuwa imepauka na kukakamaa, ukiikunja inapasuka, imeishia kufunikia mbolea. Nilinunua mpya yenye unene wa maikroni 200, yenye kinga ya jua, na migongo ya pinde tuliipaka rangi nyeupe kwanza, kwani chuma kikichemka juani huila nailoni pale inapogusana nacho. Tuliivuta kama saa tatu asubuhi, jua limeshailainisha na upepo haujaamka. Nyaya za zigizaga nilinunua mpya zote. Shika waya wa zamani upitishe kidole: mahali ngozi yake ya plastiki imetoka, chuma kinakwaruza, na mkwaruzo huohuo ndio unaochana nailoni. Kwa upande wa mashariki nimepanda ua wa minyaa, na banda nimelielekeza kwa upana wake mdogo huko unakotoka upepo.

Maji ninayotumia ni ya kisima na yana chumvi, kama visima vingi vya huku. Tangi liko juu ya jukwaa la mita 2, likitoa presha ya baa 0.2, ambayo inatosha mipira ya matone ya presha ndogo kwa banda la ukubwa huu. Kichujio cha visahani nimefunga kabla ya mipira, na ncha za mipira nazifungua mara kwa mara maji yatoke kwa kasi. Bila hivyo uchafu na chembe za chokaa vitaziba mipira mipya mapema, kama vilivyoziba ile ya zamani.

Ukijumlisha ukarabati, nimetumia zaidi ya bei niliyonunulia, na bado jumla haijafika bei niliyotajiwa kwa kipya cha ukubwa unaokaribiana. Aliye na fundi mvumilivu, na aliye tayari kuhesabu vyuma kabla ya kulipa, namshauri anunue. Anayetaka kupanda mwezi ujao anunue kipya.

Kilichobaki ni gata. Paa la mita za mraba 100 linakusanya lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, maji yasiyo na chumvi, na mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Fundi ameshapima, za mabati, pande zote mbili, zikiinama kuelekea tangi la pili. Anaanza kuzifunga wiki ijayo.