Uzoefu wangu: seti kuukuu ya manowari Hood, skeli ya 1/600

Boksi la vipande vya kuunga modeli ya Hood, manowari ya zamani ya Kiingereza, lilifika Unguja ndani ya begi la mpwa wangu, limebonyea pembe mbili na kuzungushiwa mkanda wa gundi. Alilinunua mtumba huko Uingereza kwa bei ya mlo wa mchana. "Mjomba, hili limenizidi umri," akaniambia, na hakukosea, maana kalibu za seti hii ni za miaka ya 1960. Gundi hakuleta, kwani gundi ya modeli inashika moto na kwenye ndege hairuhusiwi. Nikabaki na plastiki ya kijivu, karatasi ya maelekezo iliyochanika kwenye mikunjo, na vibandiko vya bendera vilivyogeuka rangi ya chai.

Asiye na muda nimwambie mapema: kama unataka kitu cha kuunga Jumamosi na kukiweka kabatini Jumapili, hii siyo. Mimi imenichukua miezi minne.

Nimeichagua Hood kwa sababu ilifika kwetu. Tarehe 12 Januari 1924 ilitia nanga Zanzibar pamoja na manowari mwenzake Repulse, katika ile safari ya miezi kumi ya kuizunguka dunia, Waingereza wakiionyesha nguvu zao chini ya Makamu Admirali Frederick Field. Zilikaa mpaka tarehe 17. Sultani alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub. Marehemu babu alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, na mpaka uzeeni alisema "mwaka wa manowari za dohani mbili mbili" kama wengine wanavyosema mwaka wa njaa. Jina la meli hakuwahi kulitaja. Wazee wake yeye walishaona mwaka 1896 mizinga ya manowari inaweza kuifanya nini nyumba ya Sultani, kwa hiyo sidhani kama pwani nzima ilikuwa inashangilia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana seti inaonyesha Hood ya mwisho, ile iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Bismarck tarehe 24 Mei 1941, wakafa watu 1,415, wakapona watatu tu. Mimi naitaka ya 1924. Kati ya miaka hiyo meli ilibadilishwa sana. Mizinga pacha ya kutungulia ndege ilikuja baadaye, rada haikuwepo, na mbavuni kulikuwa na mizinga midogo 12 ya inchi 5.5, sita kila upande, iliyokuja kuondolewa vita vilipoanza. Juu ya mnara wa pili na wa tatu wa mizinga mikubwa kulikuwa na jukwaa la kurushia ndege. Kwa hiyo kila kilichoingia melini baada ya 1924 nilikiacha boksini, na kilichokosekana nikakitengeneza mwenyewe.

Kwanza bodi. Inakuja vipande viwili, kulia na kushoto, na vikikutana kwenye omo vinaacha mwanya unaopitisha ukucha. Sitaha nayo inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria nyingine. Nilikalafati mwanya wote kwa supa gluu na poda ya mtoto: unatiririsha gundi, unanyunyiza poda, baada ya dakika chache unapiga msasa wa maji. Inashika kama jiwe, na haisinyai. Kuunga vipande vyenyewe nilitumia thina ya rangi za magari, tone moja kwenye ncha ya brashi. Inayeyusha plastiki na kuishikamanisha vizuri, lakini usijisahau. Nilijisahau simu ilipolia, na dohani ya nyuma ikalainika upande mmoja kama mshumaa. Nimeizungusha, ubovu unaangalia ukutani.

Tuje kwenye mizinga mikubwa, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Hood ilikuwa na minane ya inchi 15, miwili miwili kwenye minara minne. Ya ndani ya boksi ni vijiti vinene visivyo na tundu, vina mshono kila upande. Ukivipiga msasa mpaka mshono uishe, vinakuwa vya mviringo wa yai. Nilipiga hesabu. Kwa skeli hii milimita 1 ni sentimita 60 za meli ya kweli. Tundu la inchi 15 ni milimita 381, kwa hiyo kwenye modeli linatakiwa liwe kama milimita 0.6. Nikakumbuka sindano ya hospitali. Ile yenye kitako cha njano, namba 20, ina unene wa nje wa milimita 0.9 na tundu la milimita 0.6. Nikaenda duka la dawa nikataka kumi.

"Nani anaumwa, mzee?"

"Manowari."

Aliniangalia kidogo, akanipa.

Usizikate kwa koleo, tundu litabanwa likafa. Kata kwa kona ya tupa nyembamba, ukiviringisha sindano taratibu juu ya ubao mpaka ikatike yenyewe, halafu safisha mdomo kwa pini. Kila mzinga nimeutoa milimita 21 nje ya mnara. Shina lake nimelizungushia ukanda wa karatasi uliokatwa kwa mshazari, ili uwe mnene nyuma na upungue kuelekea mbele kama mzinga wa kweli. Zikishapakwa rangi, zielekeze dirishani uangalie tundu. Hakuna kipande kingine kwenye modeli hii kilichobadilika kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Ile 12 midogo ni plastiki ya fremu ya seti yenyewe. Unapitisha kijiti juu ya mshumaa, kikilainika unavuta, unapata uzi wa unene unaoutaka. Milingoti ya juu nayo ni hivyo hivyo. Majukwaa ya ndege ni karatasi ngumu ya boksi la Panadol.

Reli za pembeni nilishindwa. Reli ya kweli inafika kiunoni, yaani chini ya milimita 2 hapa. Nikajaribu kukata ukanda wa chandarua cha mbu, ikaonekana kama meli imezungushiwa wigo wa kuku. Nikaubandua. Zipo reli za shaba nyembamba zinazouzwa kwa ajili ya skeli hii, lakini kwa bei zake ningenunua seti nyingine mbili.

Joto la Januari ndilo lililoniokoa. Meli za Kiingereza zikitia nanga kwenye nchi za joto zilitandaza turubai juu ya sitaha, watu wapate kivuli. Nilichukua karatasi ya shashi, nikailowesha kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, nikaitandaza tezini juu ya nguzo ndogo za milimita tatu na nusu. Ikikauka inalegea katikati kidogo, hasa kama kitambaa. Imeficha reli zisizokuwepo, na imeficha sitaha ya nyuma, ambayo mchongaji wa kalibu aliichora mistari mipana kama mabenchi. Sitaha ya kweli ilikuwa ya msaji. Ukisuguliwa kila siku kwa maji ya chumvi, msaji hupauka, kwa hiyo pale inapoonekana nimeipaka rangi ya jamvi kuukuu.

Rangi ya kijivu ni ya mafuta, kopo dogo la duka la vifaa vya ujenzi, nikaichuja kwa soksi ya kike na kuipunguza kwa tapentaini. Mikono mitatu myepesi. Mmoja mzito utafukia kila kitu.

Meli nzima ina karibu sentimita 44, kwa sababu ile ya kweli ilikuwa na mita 262. Nimeizamisha kwenye ubao mpaka usawa wa maji, na ubavuni nimeweka jahazi nililochonga kwa ufito wa chelewa, tanga lake shashi ile ile. Jahazi lina sentimita mbili na nusu. Wageni wote wanaanza kuuliza hilo jahazi, manowari baadaye.

Vidirisha vya duara vya ubavuni bado. Nimejaribu kuvitoboa kwa pini, pini tatu zimevunjika. Mpwa ameuliza safari ijayo aniletee nini, nimemwandikia: keekee za nusu milimita, kumi.