Colt ya sura, Smith ya kazi: nilivyochagua rivolva ya mtumba

Nilikuwa na dola 700 mfukoni, na mbele yangu juu ya kaunta zimelazwa rivolva mbili, zote zimenizidi umri. Moja Colt Official Police ya miaka ya 1950, dola 650. Ya pili Smith & Wesson Model 10, dola 475. Zote mtutu wa inchi nne, zote zinameza risasi sita za .38 Special, na zote zamani zilikuwa kitendea kazi cha polisi wa Marekani, sawa na pingu. Niliondoka na moja, na nusura niondoke na ile isiyofaa.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Texas mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumbani bastola nilikuwa naiona kiunoni mwa polisi tu, au kuisikia kwenye stori za tajiri fulani anayelala nayo chini ya mto. Huku nilianza kulenga shabaha kwa kualikwa na mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani, Mmarekani mweusi aliyestaafu, nikakuta jambo lenyewe linanituliza kama wengine wanavyotulizwa na ndoano ya samaki. Bastola za magazini hazikunivuta. Rivolva inakuonyesha kazi yake yote waziwazi: unavuta, silinda inazunguka, nyundo inarudi nyuma, inaanguka. Hakuna kilichofichwa. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Nilipomtajia mke wangu bei, alinitazama tu. "Baba Zawadi, dola mia tano kwa chuma cha mtumba?"

Ni mtumba kweli, na mtu aliyewahi kupekua nguo pale Karume anajua mtumba unavyochaguliwa. Unageuza shati, unaangalia kwapani, unavuta zipu mara mbili tatu, halafu ndiyo unataja bei. Siku ile dukani nilisahau yote hayo, kwa sababu Colt ilikuwa inang'aa.

Niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Rangi yake ilikuwa ile bluu inayokaribia weusi, unaona taa za dari ndani yake. Vibao vya kitako vilikuwa vya plastiki ya kahawia nyekundu, ile ambayo Colt walikuwa wakiitumia kwa muda baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ukiishika ni nzito, karibu kilo moja, imetulia mkononi kama nyundo ya fundi seremala. Official Police ilianza kuitwa jina hilo mwaka 1927. Kabla ya hapo, tangu 1908, iliuzwa kama Army Special. Walikoma kuitengeneza mwaka 1969. Kwa wakusanyaji, Colt ni jina, na jina linalipiwa.

Smith ilikuwa imechoka usoni. Mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda rangi ilikuwa imekwisha, chuma cheupe kiko nje, alama ya kuingizwa na kutolewa kwenye mkoba wa ngozi maelfu ya mara. Kitako cha mbao kilikuwa na mkwaruzo mrefu, labda wa mlango wa gari. Ukifungua silinda na kuchungulia kwenye fremu unakuta imegongwa MOD 10-5. Smith & Wesson walianza kuzipa bunduki zao namba za modeli mwaka 1957; kabla ya hapo bunduki hii hii ilikuwa ikiitwa Military & Police, na ukoo wake unarudi hadi 1899. Zimetengenezwa mamilioni, ndiyo maana bei yake haipaa.

Yule mzee wa ghalani alikuwa amesimama pembeni kimya muda wote. Nilipoanza kutoa pochi akaniambia, "Mwombe ruhusa, halafu ivute nyundo polepole. Polepole kabisa."

Ruhusa kwanza, hilo ni adabu. Usianze kufyatua bunduki ya mtu juu ya kaunta bila kuuliza. Na usifunge silinda kwa kuirusha kwa kiganja kama wanavyofanya kwenye filamu. Ule mkono mdogo unaobeba silinda unapinda, na ukipinda kila kitu kimeenda upande. Muuzaji alikubali, akafungua mwenyewe kutuonyesha kwamba hamna risasi, mimi nikaangalia tena, mzee naye akaangalia.

Sasa kipimo chenyewe. Unaweka kidole kwenye silinda kwa kuigusa kidogo tu, kama unayezuia gurudumu la baiskeli lisizunguke ovyo. Kwa dole gumba unaivuta nyundo nyuma taratibu. Silinda inapofika mahali pake, komeo dogo la chini linachomoza na kuingia kwenye kijishimo: "tik". Hiyo tik inapaswa kusikika kabla nyundo haijanasa nyuma, au kwa uchache pamoja nayo. Unarudia mara sita, kila tundu la risasi na zamu yake.

Smith ilipiga sita kwa sita. Colt, tundu la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu nyundo ikanasa na tik sikuisikia. Nikaisukuma silinda kwa kidole, ikasogea unywele mmoja, ndipo komeo likaingia. Nikarudia. La tatu tena, na la tano.

Kama hujawahi kushika rivolva, hilo unywele mmoja ni hivi: nyundo inaweza kuanguka wakati tundu la risasi halijanyooka na mtutu. Risasi inaondoka kwenye silinda na kugonga ukingo wa mtutu kabla ya kuingia, inajichonga, na vipande vya madini ya risasi vinaruka pembeni. Anayesimama kushoto au kulia kwako ndiye anayevipokea.

Chanzo kiko kwenye namna Colt za zamani zilivyoundwa, na hapa kuna jambo linalonifurahisha. Ndani kuna kipande kama kidole kinachoisukuma silinda izunguke. Kwenye Smith kidole hicho kinaifikisha silinda mahali pake na komeo linamalizia, na silinda inabaki na uhuru kidogo sana. Kwenye Colt, ukishikilia triga nyuma, kidole kinaendelea kuisukuma silinda ikabane kwenye komeo, haitikisiki hata kidogo. Wapenzi wake wanaifananisha na mlango wa sefu ya benki. Ni raha kuishika. Lakini kinachobana kila mara ndicho kinacholika. Kidole kikifupika kwa kulika, silinda haifiki. Inarekebishika, tena na fundi anayezijua Colt si kazi ya ajabu, ila mafundi hao wengi ni wazee na vipuri si vya kuokota. Mtu niliyempigia simu baadaye alinitajia dola 200 na miezi minne ya kusubiri. Halafu hiyo Colt si ya dola 650 tena.

Baada ya hapo macho yalifunguka. Ile rangi nzuri nikaiangalia upya: kingo za fremu zilikuwa za mviringo, laini kama sabuni iliyotumika, na matundu ya skrubu yalikuwa na midomo mipana. Farasi wa Colt aliyechorwa ubavuni alikuwa amefifia miguu. Maana yake kuna mtu aliipiga msasa na kuipaka rangi upya. Bunduki iliyotoka kiwandani ina kingo kali na farasi mwenye miguu minne. Kupaka upya si dhambi, lakini hakuna mkusanyaji atakayekulipa bei ya rangi ya asili, na kadi ya bei haikusema neno.

Tukaigeukia Smith kwa ukali uleule. Tuliishika silinda ikiwa imefungwa tukaivuta mbele na nyuma: haikucheza. Nafasi kati ya silinda na mtutu mzee aliipima kwa vibati vyake vyembamba vya kupimia nafasi, ikatoka inchi 0.006, ambayo ni sawa kabisa. Nyundo ikiwa nyuma tuliisukuma kwa dole gumba kutokea nyuma kuona kama itateleza, haikuteleza. Mtutu tuliuchungulia kwa tochi, mifereji ya ndani mikali, hakuna duara jeusi la mahali palipowahi kuvimba. Bunduki nyingi za polisi ziko hivyo: zimebebwa sana, zimefyatuliwa kidogo. Nje kikongwe, ndani kijana.

Halafu triga. Kuvuta moja kwa moja bila kurudisha nyundo kwanza, Smith inakwenda sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, nzito lakini haikushtui. Colt inaanza laini, inakuwa nzito kadiri unavyokaribia mwisho. Wengine wanaipenda hivyo, wanasema wanajua lini italia. Mimi kidole changu kilitetemeka.

Kulikuwa na ya tatu kabatini, dola 325, na niitaje kwa sababu mtu mwenye haraka ataikimbilia. Ni Smith ya wakati wa vita, namba yake inaanza na herufi V. Nyingi za aina hii zilipelekwa Uingereza, nazo zilitengenezwa kwa risasi ya .38 S&W, ambayo si .38 Special: ni fupi zaidi na nene zaidi. Baada ya vita baadhi zilitobolewa ndani ili .38 Special iingie. Inaingia, ndiyo, ila ganda jembamba kwenye tundu pana linavimba tumbo au kupasuka. Muuzaji mwenyewe alikuwa na ganda moja kwenye droo, limejaa katikati kama mtungi mdogo. Nilimheshimu kwa kulionyesha.

Nilimwomba apunguze Smith hadi 450, akakubali bila ubishi. Makaratasi ni fomu 4473 ya serikali kuu. Asiye raia kama mimi anaandika namba yake ya uhamiaji, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya masomo au matembezi asijaribu, kwa kawaida sheria inamkataza. Duka likawasiliana na mfumo wa FBI unaochunguza rekodi za mnunuzi, nikasubiri kama dakika ishirini nikinywa kahawa mbaya, jibu likaja. Na wale mtakaouliza kama naweza kuja nayo likizo Tanga: ndugu zangu, msinitafutie kesi.

Sasa nimekaa nayo miezi minane na nimefyatua kama risasi 600. Lawama yangu ya kwanza ni kitako. Kile cha asili kinaacha pengo nyuma ya kizuizi cha triga, na bunduki ikiruka, chuma kinagonga kifundo cha kidole changu cha kati. Risasi hamsini za kwanza nilirudi nyumbani kidole kimevimba, mke wangu akanikandia kwa barafu huku anacheka. Dawa yake ni kipande kidogo cha aluminiamu cha kuziba pengo lile. Nilikifunga kwa bisibisi moja na shida ikaisha. Lakini bisibisi iwe ya mafundi bunduki, yenye ulimi ulionyooka. Mimi nilianza na ya jikoni, na skrubu ya kitako ina kovu hadi leo.

La pili ni kulenga. Haina kinundu cha kurekebisha, ilivyo ndivyo ilivyo. Kwa risasi nzito ya greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambayo ndiyo ya kawaida ya .38 Special tangu zamani, inapiga ninapotaka. Nilinunua boksi za greni 130 kwa sababu zilikuwa rahisi, na kwa yadi 15 zote zikatua chini ya duara, karibu vidole vitatu. Wiki nzima nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Za nguvu ya ziada, zenye alama ya +P, siipi. Kampuni yenyewe haizitaki kwenye zile za kabla ya 1957, yangu ni ya baadaye, lakini kikongwe hakitwishwi gunia la pili kwa kuwa tu hakulalamikia la kwanza.

Nyumbani inakaa kwenye sanduku la chuma la namba, risasi kwenye sanduku jingine, kwa kuwa Zawadi ana miaka sita na hakuna kabati asilolifungua. Gharama ya masanduku hayo, dola 140, iingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Mimi sikuiingiza, ndiyo maana tulikula maharage mwezi ule.

Juzi nilipita dukani kununua mafuta ya kusafishia. Colt bado iko kabatini, imeshuka hadi 590, inang'aa vilevile. Nikaomba ruhusa, nikaivuta nyundo polepole. Moja, tik. Mbili, tik. Tatu, kimya. Nikamrudishia, nikalipia mafuta yangu.