Niliokolewa na boti ya RNLI mchana kweupe, na mpaka leo hawajanidai senti

Nianze na aibu yenyewe. Mimi mtu wa Nungwi, Unguja. Nimekulia kwenye ngalawa ya babu, na maji ya bamvua yanapoondoka kwetu karibu mita nne, najua ni wakati gani mtu aanze kurudi kutoka kwenye fungu la mchanga. Mtu huyo ndiye aliyekuja kutolewa baharini huku Norfolk, Uingereza, kama furushi, na RNLI, shirika la kujitolea la kuokoa watu baharini, mbele ya mwanawe wa miaka tisa na shemeji yake aliyeshasema mapema turudi.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti. Tulitoka Leicester asubuhi, karibu saa tatu za njia, mpaka Wells-next-the-Sea. Ukifika maji yamekupwa huioni bahari. Unaona mchanga tu, tambarare mpaka macho yachoke. Tukatembea, mtoto anaokota kombe, shemeji kabeba hotpoti ya pilau. King'ora kikalia. Pale Wells hulizwa king'ora maji yanapoanza kujaa, na vibao vinasema hivyo. Mimi nikadhani gari la zimamoto.

"Shemeji, mbona watu wanarudi?"

"Aa, shemeji, maji mimi nayajua. Yakija tutayaona."

Hatukuyaona. Ufukwe ule una mikondo nyuma ya mafungu, na maji hujaa huko kwanza, wewe ukiwa umeelekeza uso kwenye bahari. Tulipogeuka, njia tuliyopita ilishakuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda mbio. Nikaingia mpaka kiunoni kupima. Baridi ikanikaba, nikawa navuta pumzi fupifupi kama mtu aliyekimbizwa. Bahari ya kwetu ukizidiwa utaelea, utangoja, utaita. Hii inakunyang'anya pumzi kabla hujaamua lolote.

Nikapiga 999, namba ya dharura ya huku, nikaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Ndugu zangu mlioko huku, lishikeni hilo: ukiona mtu kazingirwa na maji usiombe polisi, omba Coastguard, wao ndio wanaoziita boti. Dada wa simu akaniuliza tuko wangapi, kuna mtoto, maji yamefika wapi, naona nini nyuma yangu. Akasema tukae pamoja juu ya fungu, tusithubutu kuvuka. Shemeji anasema tulingoja dakika kumi na nane. Mimi ningeapa ni saa nzima, kwa sababu fungu lilikuwa linapungua na mtoto ameanza kuuliza maswali.

Kilichokuja ni boti ndogo ya mpira, ile wanayoiita daraja la D: mita tano, mashine moja nyuma, watu watatu ndani. Usiidharau. Inapita kwenye maji ya magotini ambako boti kubwa ingekwama, na ikipinduka mabaharia wenyewe huigeuza wakaendelea na kazi. Aliyeshuka kwanza alikuwa mwanamke, kavaa helmeti, maji yanamchuruzika. Hakuja kwangu. Alipiga magoti mbele ya mwanangu, akamvisha jaketi la kujiokolea, akakaza mkanda wa chini ya mapaja, akauvuta mara mbili kuuhakikisha, huku anamuuliza anashabikia timu gani. Mtoto akasahau kulia, akaanza kubishana naye.

Mimi nilikuwa naingoja lawama. Niliingoja tukiwa kwenye boti, nikaingoja tulipofika nchi kavu, nikaingoja nilipopewa blanketi na kikombe cha chai. Hakuna aliyeniambia "hukusikia king'ora?" Sijui kama ni mafunzo au ni adabu tu, lakini kwangu hicho ndicho kipimo cha huduma.

Kituoni nikauliza nilipie wapi. Niliuliza kwa dhati: boti, mafuta, watu watatu, mzee wa trekta la kuishushia boti majini, haiwezekani ankara isiwepo. Mzee wa trekta akacheka. Hakuna malipo, na wao wenyewe hawalipwi mshahara kwa kutoka. Kila mmoja ana kazi yake mjini na peja kiunoni, kile kifaa kidogo cha kuwaita. Ikilia, wanaacha walichoshika. Yule dada alikuwa ameacha kuku kwenye oveni.

RNLI, yaani Royal National Lifeboat Institution, si idara ya serikali. Sir William Hillary aliianzisha London tarehe 4 Machi 1824, na leo ina vituo zaidi ya 230 kuzunguka Uingereza na Ireland. Waliookolewa tangu hapo ni zaidi ya watu 140,000. Fedha nyingi hutoka mifukoni mwa watu na kwenye wasia wa marehemu. Hilo la wasia lilinigusa sana: mtu yuko kaburini, boti inatembea kwa mafuta yake. Sisi tungesema sadakatul jaria.

Wakatuonyesha na boti kubwa, Shannon. Mita 13.6, tani 18, mwendo wa karibu kilomita 46 kwa saa. Haina panga boi la kuisukuma nyuma. Hunyonya maji na kuyatema kwa nguvu, na ikipinduka hujigeuza yenyewe. Mwanangu aliiuliza maswali kama inajibu.

Lakini boti nzuri si dhamana. Tarehe 19 Desemba 1981, kule Cornwall, boti ya RNLI iitwayo Solomon Browne ilitoka usiku kwenye tufani kuifuata meli ya Union Star iliyozimika mashine. Nahodha Trevelyan Richards alikataa kumchukua kijana ambaye baba yake alishapanda. Hakutaka wawili wa nyumba moja usiku ule. Walikwenda wanane, wote wa kujitolea kutoka kijiji cha Mousehole, hakurudi hata mmoja, na wanane wa Union Star wakapotea pamoja nao. Haikupita siku, wakajitokeza watu wa kijiji hichohicho wa kutosha kuunda kikosi kipya. Ukilijua hilo, huwezi tena kumtazama mtu mwenye peja kwenye foleni ya duka kama mtu wa kawaida.

Nami nilifikiria kwetu. Septemba 10, 2011, meli ya abiria ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba, wavuvi walitoka gizani, na boti za kuwapeleka watalii kuzamia zikatoka, wakarudi na watu waliokuwa wameshikilia magodoro. Moyo huo tunao. Tunachokosa ni jaketi, redio, na mtu wa kukujazia mafuta ya kesho. Baadaye nikasoma kwamba RNLI haohao walishirikiana na mradi wa Panje Project, hapohapo Nungwi, kufundisha watoto kuogelea na kujiokoa, wasichana wakiwa na nguo za kuogelea za kujisitiri. Yaani walifika kwetu kabla mimi sijawahitaji kwao.

Kasoro? Nimeitafuta, kwa kuwa maoni ya sifa tupu hayaaminiki. Niliyoipata ni moja: hawabebi mizigo. Boti ile ni ya watu tu, na yule dada alilitazama pilau letu kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa. Tuliiacha hotpoti juu ya fungu, na tulipokuwa tunaondoka niliiona inaelea taratibu kuelekea Norway.

RNLI sasa nawatumia pauni kidogo kila mwezi, kwa hiari yangu. Anayenidai ni mke wangu, na kila Jumapili ananikumbusha kwamba ile hotpoti aliletewa na mama yake kutoka Mkunazini, Unguja mjini.