Uzoefu wangu: seti ya kujenga behewa la makaa la tani 16, skeli ya 1:76

Seti hii mpya ya plastiki ni ya behewa wazi la makaa ya mawe la British Railways (shirika la reli la taifa la Uingereza), mchoro namba 1/108. Nimeshajenga matatu. Bodi yake imechongwa vizuri sana. Kinachoiangusha ni karatasi ya maelekezo, hasa kwenye breki: ukiifuata neno kwa neno utapata behewa ambalo lisingeweza kufunga breki.

Vipimo ni sahihi. Behewa halisi lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6 bila kuhesabu bafa (vizuia-mgongano vya kwenye ncha), na futi 9 kutoka ekseli hadi ekseli. Kwa skeli hii hizo ni milimita 66 na 36, na rula inakubali vyote viwili. Ufupi wenyewe una sababu: migodi, bandari na yadi za makaa za Uingereza zilijengwa kwa ajili ya mabehewa madogo ya mbao, mengi yakiwa ya tani 10 hadi 13. Sehemu za kupakilia, mizani na kona kali za yadi zisingeweza kupokea behewa refu. Bodi ya chuma iliruhusu mzigo mkubwa zaidi bila kurefusha behewa. Ya chuma ya tani 16 yalianza kuagizwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya reli kutaifishwa tarehe 1 Januari 1948 yakajengwa kwa wingi, zaidi ya 200,000. Anayejenga treni ya makaa ya miaka ya 1950 au 1960 atahitaji mengi, kwa hiyo inafaa kuijua seti hii vizuri tangu ya kwanza.

Anza na kuta kabla hujagusa gundi. Ndani ya kila ukuta kuna alama za duara zilizoachwa na kiwanda. Kwenye behewa la kufunikwa ungeziacha, lakini hili ni wazi na zote zitaonekana. Zijaze, kisha piga msasa namba 600 baada ya kukauka kabisa. Halafu tazama ukingo wa juu: plastiki ya milimita 1 ni sawa na bati la milimita 76 kwenye behewa halisi, unene wa kuta za ngome! Paruza ukingo kwa ndani kwa wembe ulioinamishwa mpaka ubaki mwembamba. Ni kazi ya dakika 10, na hakuna nyingine inayobadilisha sura ya behewa kiasi hicho.

Magurudumu hayamo kwenye boksi. Nunua ya milimita 12.6 yenye ekseli za milimita 26 zilizochongoka ncha, pamoja na beringi nne za shaba. Toboa nafasi za beringi kwa keekee ya milimita 2 unayoizungusha kwa vidole, maana mashine huyeyusha plastiki. Beringi ikiingia mno, ekseli inacheza na behewa linayumba. Isipoingia vya kutosha, miguu ya fremu inayoshika ekseli inapanuka na magurudumu yanakuwa mazito kuzunguka. Gundi upande mmoja wa fremu na uuache ushike. Weka ekseli, gundi upande wa pili, kisha simamisha behewa juu ya kioo bapa gundi ikiwa bado laini. Ligonge kidogo kwenye kila kona: magurudumu yote manne lazima yaguse kioo. Liache hapo usiku kucha.

Sasa breki. Mabehewa mengi ya aina hii yalikuwa na breki ya mkono tu, mfumo wa Morton, na pedi mbili za upande mmoja. Karatasi inaonyesha pedi pande zote mbili na wenzo (mikono mirefu ya kufungia breki) zinazofanana, na hapo ndipo kosa lilipo. Kanuni ilitaka wenzo uwe mkono wa kulia wa mtu anayelitazama behewa ubavuni, upande wowote atakaosimama. Wenzo zote mbili zinazungusha shafti moja iliyopita chini ya sakafu. Ukikandamiza wa upande huu, shafti inazunguka kufuata saa. Ukienda upande wa pili na kukandamiza wa huko, shafti ileile inataka kuzunguka kinyume, na breki ingefunguka badala ya kufunga. Klachi ya Morton ndiyo inayogeuza mwendo huo, na inakaa upande usio na pedi. Ni kile kipande kidogo kilicho kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya seti (si fremu ya behewa) ambacho karatasi haikitaji kabisa. Usikitupe.

Upande wenye pedi, angalia pia fito mbili za kusukuma. Wenzo ukiwa kulia, ufito wa pedi ya kulia unaanzia juu ya shafti na ule wa kushoto unaanzia chini yake. Ukizigeuza, zinavuta pedi ziachane na magurudumu. Pedi zisogeze mpaka ziwe mkabala na gurudumu, lakini zisiguse.

Kwa uzito, lengo langu ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani 50 kwa behewa zima. Likiwa tupu, mahali pa kuficha uzito ni chini ya sakafu tu: bandika vipande bapa vya metali ya risasi kwa epoksi. Usichanganye risasi na gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu kemikali zake huila risasi, inavimba polepole na baada ya muda inapasua modeli.

Stika za maji ni safi, ila zinachanganya vipindi. Herufi MCO ni za mfumo wa kompyuta wa reli wa miaka ya 1970, hazifai kwenye treni ya 1955. Rangi ya kijivu ni ya behewa la breki ya mkono, na kahawia-nyekundu ni ya lenye breki za vakyumu. Mstari mweupe wa mshazari si pambo: ncha yake ya juu inaonyesha upande wenye mlango wa kichwani (ulio kwenye ncha ya behewa, si ubavuni), ili wafanyakazi wajue behewa liinamishwe kuelekea wapi makaa yamwagike. Hakikisha mlango uko upande huo kabla stika haijakauka. Ndani paka rangi za kutu, kwa kuwa makaa yenye unyevu na salfa yalikula chuma haraka na rangi haikudumu humo.