Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa kumtazama Michael Carrick katika huduma ya mechi kamili

Nilijiunga na huduma hii ya kulipia, ambayo huhifadhi mechi za zamani kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu moja: ninafundisha soka vijana wa chini ya miaka 17 hapa Tanga, na nilitaka wanaocheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, wamwone Michael Carrick akiwa kazini. Vipande vifupi vinavyopatikana bure mtandaoni havikunifaa. Kiungo aliyeichezea Manchester United mechi 464 na kufunga mabao 24 tu haeleweki kwa kutazama mabao, kwani kazi yake kubwa aliifanya pasi mbili au tatu kabla ya bao, na mara nyingine kabla hata mpira haujamfikia.

Tulianza na mechi ya Aprili 10, 2007, United ilipoifunga AS Roma 7-1 pale Old Trafford, baada ya kufungwa 2-1 ugenini. Carrick alifunga mawili, na vijana walilishangilia sana lile la dakika ya 11 alilolipiga kwa kulizungusha kutoka mbali. Mimi niliwarudisha kwenye dakika zisizo na bao, nikawaonyesha anavyogeuza shingo kabla ya kupokea mpira, na anavyosogea hatua mbili ili apate njia ya kupenyeza pasi ya chini katikati ya wapinzani. Kitufe cha kurudi nyuma sekunde kumi ndicho ninachokishukuru kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya Moscow, ya mwaka 2008 dhidi ya Chelsea, tuliitazama yote, dakika 120 pamoja na mikwaju ya penalti, ambapo Carrick alipiga wa pili kwa United na kufunga.

Kasoro yake kubwa ni kamera. Matangazo ya runinga huufuata mpira, na mchezaji wa aina hii hufanya nusu ya kazi yake mahali ambapo mpira haupo. Mara nyingi nimesimamisha picha nikimtafuta na kukuta hayumo, kisha anajitokeza sekunde chache baadaye akiwa tayari amekaa kwenye njia ya pasi ya mpinzani. Ni mechi chache tu zenye picha pana ya uwanja mzima.

Kasoro ya pili ni kwamba huwezi kutafuta mechi kwa jina la mchezaji, hivyo ni lazima ujue tarehe. Ya tatu imenisikitisha zaidi: miaka yake ya West Ham, alikoanzia mwaka 1999, karibu haimo kabisa. Timu hiyo iliposhuka daraja mwaka 2003, Carrick alibaki nayo msimu mmoja huko chini kabla ya kwenda Tottenham mwaka 2004, na ningependa sana vijana wangu wauone msimu huo. Mechi za timu ya taifa zipo za kutosha, ingawa yeye mwenyewe aliichezea Uingereza mara 34 tu. Kwa maoni yangu hiyo ni hesabu ndogo mno kwa kiungo aliyetwaa ubingwa wa ligi mara tano.

Mechi moja hula bando kubwa, kwa hiyo ninazipakua usiku.

Mwezi uliopita tulimaliza na mechi yake ya mwisho, ya Mei 13, 2018 dhidi ya Watford, aliyoicheza akiwa nahodha katika msimu ambao alikuwa ametibiwa tatizo la mapigo ya moyo. Pasi yake ndefu ilimfikia Juan Mata, naye akamwekea Marcus Rashford bao pekee la siku hiyo. Kijana wangu mmoja aliomba turudishe nyuma, na hakuwa akilitaka bao. Alitaka kuona Carrick alitazama wapi kabla ya kupiga ile pasi. Siku hiyohiyo nililipia mwaka mwingine.